Maharage ya Kablanketi

Harage lilipoanguka ndani ya mkebe lilitoa mlio mdogo, tik, nami nikabana pumzi. Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na mafiga, gizani, mkono mmoja ndani ya kibuyu changu cha mbegu na mwingine juu ya mkebe wa maziwa ya unga ambao haukuwa wangu. Nilisikiliza kama mwanangu Konsolata amegeuka kitandani. Kimya. Nikachukua harage la pili, nikalishusha polepole kwa vidole mpaka likagusa mengine.

Nilikuwa mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, nanyatia mkebe jikoni kwangu mwenyewe. Tena sikuwa nachukua kitu. Nilikuwa naongeza.

Mkebe ule aliuleta Ezekia, muuguzi wa wagonjwa wa akili, aliyekuwa akija kwetu Mjimwema, Njombe, kila Alhamisi kwa baiskeli. Aliuleta kwa ajili ya Konsolata, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minane na hakuwa ametoka nje ya geti letu kwa zaidi ya mwaka mzima.

Konsolata aliolewa Makambako na Musa, kijana wa Kiislamu, mpole, aliyekuwa akinisalimia kwa kupiga goti kama kijana wa kwetu. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, Musa na kaka yake Halfan walinunua lori kuukuu, wakawa wanabeba viazi vya huku kwetu kupeleka Dar es Salaam. Mwaka tisini na moja, mwezi wa sita, Musa alikuja Njombe kupakia, na Konsolata akaja naye kunisalimia. Mtoto wao Chiku, wa miaka minne, walimwacha Makambako kwa bibi yake mwingine, mama yake Musa, anaitwa Rukaya. Wakati wa kurudi ukungu ulikuwa umeshuka barabarani. Lori likapinduka. Musa alifariki pale pale. Mwanangu alitolewa chini ya magunia, akaletwa hospitali Njombe akiwa hajitambui, na alipopata fahamu mume wake alikuwa amekwishazikwa.

Nilimchukua kwangu apone. Tulisema mwezi mmoja. Mifupa ilipona, lakini alikataa kufika barabarani. Kisha akakataa kwenda bombani. Kisha akawa haendi hata getini, na mwaka wa pili ulipoanza alikuwa hatoki chumbani ila kwenda chooni, na huko nako nilimshika mkono. Uji nilimpelekea kitandani. Maji ya moto nilimpelekea chumbani. Nywele nilimsuka kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nikimsimulia habari za baba yake. Jirani yangu Dorosela alikuwa akisema hajawahi kuona mama kama mimi, nami nilizipokea sifa hizo.

Mwezi wa tatu, mwaka tisini na tatu, ikaja barua ya Halfan. Konsolata aliisoma mara mbili, akanipa. Iliandikwa kwa adabu. "Shemeji, dada yetu Rehana wa Tanga anataka kumchukua Chiku amlee na kumsomesha. Mama amezeeka. Lakini mtoto ni wako. Ukimtaka, njoo wewe mwenyewe kabla Rehana hajaja, mwisho wa mwezi wa saba. Usitume mtu. Hatuwezi kumleta kwa mama asiyetoka ndani. Nani atampeleka shule?"

"Ana haki," Konsolata alisema.

"Nani?"

"Halfan. Ana haki." Akageukia ukutani. "Makambako nitafikaje, mama? Hata chooni unanishika."

Ndipo nikaenda hospitali, nikakaa kwenye benchi siku mbili, mpaka Ezekia akatokea.

Siku ya kwanza alipofika hakuuliza mengi juu ya ajali. Aliangalia sahani na bakuli zilizokuwa chini ya kitanda.

"Mama, uji huu unamletea kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Sijakosa hata moja."

"Akiwa amelala?"

"Amelala."

"Na siku akijaribu kutoka nje, unampa nini?"

Nilifikiri. "Nampa pole. Namrudisha ndani asipigwe na baridi."

Ezekia akacheka kidogo, akavua kofia yake ya sufu. "Sasa angalia. Akilala anapata uji, anapata maji ya moto, anasukwa. Akitoka anapata baridi. Hata mimi ningelala."

Konsolata akacheka chini ya blanketi. Nilikuwa sijasikia sauti ile muda mrefu, na kwa ajili ya kicheko hicho peke yake nikamwamini yule kijana.

Akatueleza taratibu. Alisema jambo linalofuatwa na kitu kizuri hurudi, na jambo lisilofuatwa na chochote huchoka, likaisha lenyewe. Alisema hofu ya Konsolata si uvivu wala si mashetani, ila sisi wawili tumekuwa tukiilisha bila kujua. Akamwuliza Konsolata anapenda nini kuliko vyote hapa nyumbani.

"Kusukwa na mama," alijibu.

Basi mpango ukawa hivi. Kila wiki kuna hatua moja: kuja kunywa uji jikoni, kufika mlangoni, kufika getini, na kuendelea. Kila akifanya hatua ya wiki hiyo, mimi natia harage moja ndani ya mkebe. Yakifika kumi, anasukwa. Yasipofika, hasukwi. Ezekia akaniachia bahasha ya maharage mekundu aliyoyanunua sokoni.

"Asipofanya, usimgombeze na usimbembeleze," aliniambia. "Akichelewa uji mpaka saa nne, mpelekee, lakini bila maneno. Ukimbembeleza unamlipa. Unaelewa, mama?"

Nikasema naelewa. Lakini kuelewa kulikuwa kazi ya kichwa, na mikono yangu haikuwa imeelewa. Asubuhi ya kwanza nilikaa jikoni nikiangalia uji unaganda. Ya pili vilevile. Asubuhi ya tatu alikuja amejifunika blanketi hadi puani, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono apokee kikombe. Nilitia harage kwenye mkebe, naye akaangalia upande wangu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Wiki nne mambo yalikwenda. Kisha tukafika getini, tukakwama. Hatua ilikuwa kutoka getini hadi barabarani, hatua arobaini hivi kwa mguu. Alifika getini, akashika mianzi, jasho likamtoka kwenye baridi ile ya mwezi wa tano, akarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Alifika barabarani mara sita kwa siku kumi na moja, mara nyingine akitambaa kwa kushika uzio. Mkebe ukabaki na maharage sita. Nywele zake zilikuwa zimefumuka na kushikamana. Jumapili nilikwenda kanisani, mbele yangu akakaa mama mmoja na binti yake aliyesukwa vizuri, na sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Ndiyo asubuhi ile niliyoingiza mkono kwenye kibuyu cha mbegu. Sikuweza kutumia ya bahasha kwa sababu Ezekia aliyahesabu. Kwenye kibuyu nilikuwa na mekundu kati ya mbegu nyingine, nikayatafuta kwa kupapasa, nikatia manne.

Alhamisi Ezekia akamimina mkebe kwenye ungo. "Kumi. Konsolata, hongera. Umefika barabarani mara kumi?"

Konsolata alikuwa anaangalia ungo. Nami nikaangalia, nikayaona manne yangu. Mawili yalikuwa mekundu kama mengine, lakini mawili yalikuwa kablanketi, yale ya rangi ya zambarau iliyofifia, mbegu niliyopewa na dada yangu wa Mlangali. Kwa mtu wa huku hata mtoto angeona. Ezekia hakuona kitu. Alikuwa mzaliwa wa Manda, kwao ni ziwani.

"Amefika," nilijibu mimi.

Konsolata aliondoa macho kwenye ungo. Mchana ule nilimsuka, na mabega yake hayakulegea hata mara moja.

Kwa kuwa mkebe ulisema kumi, Ezekia aliona ameiva. Akaruka hatua tatu. Wiki iliyofuata alikuja asubuhi tukaenda wote watatu stendi. Konsolata alitembea katikati yetu, ameshika kanga yangu. Tulipofika, lori moja likapiga honi nyuma yetu. Alikaa chini palepale kwenye matope, akaziba masikio, na haja ndogo ikamtoka. Watu wakazunguka. Kijana mmoja akasema, "Mama, mpeleke kwa mganga huyo," wengine wakacheka. Mwanamke aliyekuwa akiuza mitumba alishuka kwenye meza yake, akachukua shuka la biashara, akamfunika Konsolata kiunoni, akasimama mbele yake na kuwapa watu mgongo. Simjui jina mpaka leo. Ezekia akampandisha kwenye baiskeli, akaisukuma hadi nyumbani.

Siku tisa hakutoka kitandani. Nikaanza tena kupeleka uji. Mwezi wa sita ulikuwa umeingia, na barua ya Halfan ilikuwa chini ya mto wake.

Siku ya kumi alikunywa nusu kikombe, akakirudisha. "Mama, kablanketi hayakuwa ya Ezekia."

Nilikiweka kikombe chini.

"Uliongeza mangapi?"

"Manne."

"Nilijua mawili." Akatazama dari. "Siku ile sikutaka uaibike mbele ya mgeni. Tena nilitaka kusukwa."

"Nilikuhurumia, mwanangu."

"Najua. Lakini mimi nilikuwa nafahamu nimefika mara sita. Sita zilikuwa zangu. Ulipoongeza nikajua hata wewe huamini kama nitafika."

Kama angenigombeza ningejitetea. Alisema kwa upole, kwa hiyo sikuwa na pa kushika. Nilitoka, nikakaa nyuma ya nyumba kwenye magogo ya miti ya miwati, na Dorosela aliyekuja kuomba moto aliniona, akakaa kando yangu bila kuuliza, akaondoka bila moto.

Alhamisi nilimsubiri Ezekia getini, nikamwambia yote kabla hajashuka kwenye baiskeli. Nilitegemea atakasirika, kwa maana yeye ndiye aliyeaibika stendi mbele ya watu.

"Kablanketi ndiyo nini?" aliuliza.

Nikaleta kibuyu, nikamwonyesha. Akageuza harage kiganjani. "Mama, mimi ni mtu wa usipa, dagaa wetu wa ziwani. Ungetia usipa wa juzi pamoja na wa leo ningekukamata kwa harufu. Maharage, kwangu ni maharage tu." Kisha akaacha kutabasamu. "Kosa ni langu pia. Niliuamini mkebe, sikumwuliza yeye. Lakini sasa naona kitu. Kila Konsolata akiumia kidogo, wewe unakimbia. Ukikimbia, moyo wako unatulia. Huko kutulia ndiko kunakokulipa. Kwa hiyo tuna wagonjwa wawili hapa."

Alitoa mkebe mwingine kwenye begi lake, mdogo, wa dawa. "Huu ni wako. Kila siku utakayomwona anahangaika na ukakaa mahali pako, unatia harage moja. Yakifika kumi nakuletea usipa kutoka nyumbani kwetu."

"Nami nitiwe kwenye mkebe, na uzee huu?"

"Na uzee huo," Konsolata alisema kutoka dirishani. Alikuwa amesikia yote. "Na maharage yangu nitatia mwenyewe. Kila mtu na mkebe wake."

Tukaanza upya, kutoka jikoni. Siwezi kusema ilikuwa rahisi. Kuna asubuhi nilimsikia akitapika karibu na uzio nami niko kwenye kigoda, nimekamata ukingo wake kwa mikono miwili. Nikatia harage langu huku nalia. Usipa wa kwanza nilioupata niliukaanga na nyanya, nikaona aibu kwa utamu wake.

Mwisho wa mwezi wa sita alifika barabarani mara kumi za kweli, na nilipomsuka alisinzia. Kisha stendi kwa mbali. Kisha stendi karibu. Kisha Ezekia akasema aguse basi tu, arudi. Hapo tulimpata Basil, kondakta wa basi moja la kwenda Makambako, mtu mwenye maneno mengi. Alituona siku tatu tunakuja, tunagusa basi lake, tunaondoka.

"Mama, mnalikagua mnunue?" alituuliza.

Nikamweleza kwa kifupi. Akakuna kichwa, akafungua mlango. "Basi kaeni ndani wakati najaza abiria. Likitaka kuondoka nawaambia, mnashuka." Na kila asubuhi alitutunzia kiti kile kile cha nyuma ya dereva, akiwaambia watu, "Hapo pana wenyewe." Siku aliyoona Konsolata amefumba macho na midomo inatetemeka, alimkataza dereva asiwashe injini mpaka tushuke, na abiria walipolalamika akawaambia rejeta imeomba maji. Wiki ya pili tulikwenda kituo cha kwanza tu, tukarudi kwa miguu. Konsolata alitia harage lake, kisha akakaa akiutikisa mkebe sikioni.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba tulikwenda Makambako. Pale lori lilipopindukia alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Sikumwambia pole. Aliangalia nje mpaka tukapita.

Nyumba ya Rukaya iko upande wa sokoni, ina baraza la saruji. Tulimkuta yeye na Chiku wamekaa kwenye mkeka wanachambua maharage kwenye ungo. Chiku alikuwa amerefuka, mtandio kichwani, jino la mbele hana. Alitutazama kama anavyotazama wageni wa sokoni.

"Shikamoo, mama," Konsolata alisema, akapiga goti.

"Marahaba." Rukaya alimwangalia kwa muda mrefu. "Karibuni. Karibu, Mama Konsolata. Chiku, amkia."

"Shikamooni," mtoto alisema, akajificha nyuma ya bibi yake.

Mdomo wangu ulikuwa tayari: nenda kwa mama yako, mjukuu wangu, nenda umkumbatie. Nilikuwa hata nimenyoosha mkono nimsukume. Konsolata akaniwahi.

"Mama, mwache."

Akavua viatu, akakaa mwisho wa mkeka, mbali, akavuta ungo kidogo upande wake, akaanza kuchambua. Hakumwita. Mtoto alipoacha mgongo wa bibi yake, Konsolata alimsogezea fungu dogo la maharage. Mtoto aliporudi nyuma, hakufanya kitu. Nilikaa juu ya mikono yangu. Ilipita saa nzima hivi, Rukaya akiangalia, mimi nikiangalia, mpaka goti la mtoto likawa karibu kugusa kanga ya mama yake. Halikugusa.

Halfan alirudi kutoka dukani adhuhuri. Alisimama pale barazani, akasahau kuvua viatu.

"Shemeji. Umekuja na gari?"

"Na basi."

Akakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na alionekana amechoka. "Niliandika uje mwenyewe, umekuja. Sikudhani. Lakini Rehana anafika Jumanne, na huyu mtoto hakujui. Nikikupa leo atalia usiku kucha."

"Najua," Konsolata alisema. "Sikuja kumchukua leo. Nimekuja ujue kwamba naweza kuja."

"Ukirudi Njombe ukafunga mlango tena?"

"Sijui, shemeji. Sitakudanganya. Kila siku bado naogopa." Akatoa mkebe kwenye kikapu, akauweka mkekani. "Hizi ni siku nilizotoka. Hakuna hata moja iliyoongezwa."

Nilitazama chini.

Halfan hakuelewa, akamtazama mama yake. Rukaya alikuwa ameuchukua mkebe. Aliutikisa taratibu, akauliza ni nini hasa, na Konsolata akamweleza: geti, barabara, stendi, kiti cha Basil, kituo cha kwanza. Rukaya alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, yule mama alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Tulisema maneno juu yako," alisema. "Kwamba hukuja kwenye msiba. Kwamba huna haja na mtoto. Nami ningeweza kumleta kwako wakati wowote, Njombe si mbali. Halfan anajua kwa nini sikumleta. Tangu siku ile mimi sijapanda gari. Hata soko la juu siendi, maana malori yanapita. Natuma watu. Wananiambia nimezeeka, nami nakubali ili wasiniulize."

Halfan alikohoa. Hakubisha.

Baadaye alisema atamwambia Rehana asubiri mpaka Desemba. Alisema Desemba, hakusema zaidi, na sikuona usoni mwake kwamba ameshaamua. Basil alikuwa anatungoja stendi na basi la saa tisa. Chiku alikuwa amelala juu ya mkeka, na mkono wake mmoja ulikuwa umeangukia kwenye kanga ya Konsolata. Mwanangu aliichomoa kanga polepole, nusu inchi kwa nusu inchi, asimwamshe.

Rukaya alitusindikiza. Alifika mwisho wa baraza, akashuka ngazi moja, akasimama. Lori lilikuwa linapita upande wa barabara kuu, nami nilimwona anashika nguzo, kama nilivyomwona mwanangu akishika mianzi.

"Konsolata," alisema. "Jumamosi uje tena. Na huo mkebe uje nao."